Baba Shukuru, Laptop Haipandi Lori

Baba Shukuru,

Najua hupendi mambo yetu yasikike nje. Ulikuwa ukifunga dirisha hata tukigombana kwa ajili ya chumvi. Lakini safari hii nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu tukiwa wawili tu maneno yako yana miguu: leo yako hapa, kesho yamehama. Acha wasome. Mwenye namba yako mpya atakuonyesha.

Ujumbe wako umefika. Bahati aliegesha lori lake kule chini kwenye barabara kubwa, akapanda kwa miguu mpaka dukani Kamwokya, akanikuta na Furaha mgongoni na watu wawili wanasubiri kuchapiwa karatasi zao. Hakuomba hata kiti.

"Shemeji, mzee wa Juba amesema nimpelekee ile laptop. Hata kama ina ubovu, niipakie tu. Ijumaa naondoka."

Unajua sauti ya Bahati ilivyo, amezoea kuongea juu ya injini. Wale wateja wawili wakaacha simu zao wakaniangalia mimi. Nikasema nitafikiri. Akasema, "Fikiri haraka, shemeji, Ijumaa haina breki," akashuka zake.

Hata kama ina ubovu. Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi sijakwambia kwamba laptop imeharibika. Sina hata namba ya kukwambia. Sasa ulijuaje?

Lakini acha nianze pale tulipokuwa wazuri, usije ukasema nimesahau.

Unaikumbuka meza? Uliichongesha kwa mafundi wa Katwe, miguu ya chuma, mmoja mfupi, ukaweka kipande cha ndala chini yake ili isicheze. Juu ukaweka laptop, na pembeni yake ile skrini kubwa ya mraba uliyopewa na ofisi iliyokuwa inahama. Ukanikalisha. Nilikuwa na mimba ya Furaha, kiti chenyewe kilikuwa kinanibana. Shule yangu iliishia sekondari ya nne, na kompyuta nilikuwa naziona kwa watu tu, nikiwa nimesimama upande wa kulipia. Ukachukua mkono wangu ukauweka juu ya kipanya, wako ukauweka juu ya wangu.

"Usikibane hivyo. Hakikimbii."

Ukasukuma kishale mpaka mwisho wa skrini ndogo, kikapotea, kikatokea kwenye kubwa. Shukuru akapiga kelele, "Papa, kimetoboa!" Akakimbia nyuma ya meza kutafuta tundu. Tulicheka mpaka yule jirani wa studio ya muziki akagonga ukuta, eti kicheko chetu kinaingia kwenye wimbo wake.

Ulifuta mfumo uliokuja na mashine, ukaweka Linux. Ulinieleza kwa subira kwamba flashi za wateja hubeba virusi kama vile kuku anavyobeba chawa, na kwamba huu mfumo wako haushikwi ovyo. Ilikuwa kweli. Maduka mengine hapa mtaani yamelia, mimi sijalia. Hilo nakushukuru, na nalisema mbele ya watu vilevile.

Jioni tulikaa hivyo. Mimi na Shukuru mbele ya skrini kubwa, kwaya kwanza, halafu katuni. Wewe pembeni na ile ndogo. "Kubwa yenu, ndogo yangu," ulikuwa unasema, na mimi niliona ni ukarimu. Mwanaume anayeachia wenzake kipande kikubwa! Siku moja uliandika maneno kwa herufi nene, CHAI YA LEO NI TAMU MAMA SHUKURU, ukalisukuma dirisha lile taratibu kutoka kwako, likaja kwangu, likasimama katikati ya waimba kwaya. Sikujua nitazame wapi. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniandikia kitu.

Baadaye ndipo nikaona jambo jingine. Kila nikija na kikombe upande wako, ulikuwa unainamisha kifuniko cha laptop kidogo. Kufunga hukufunga. Ungefunga ningeuliza. Uliinamisha tu, kama mtu anayekinga jua, na ndani ya chumba kile jua lilikuwa limeshaondoka.

Sikuuliza. Mke anayeuliza kila kitu anachosha, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini niliona, na nikaweka moyoni.

Ulipoondoka kwenda Juba ulisema ni kazi ya msimu, kufunga kompyuta kwenye ofisi za watu, halafu unarudi. "Laptop nakuachia, duka lisifungwe." Ukambusu Furaha aliyekuwa amelala, ukamwambia Shukuru yeye sasa ndiye mlinzi wa meza. Kwanza ulikuwa unapiga simu kila Jumapili. Halafu ikawa Jumapili moja moja. Halafu namba yako ikawa inajibiwa na mwanamke wa kampuni ya simu, yule anayesema mteja hapatikani. Huyo nilimzoea kuliko wewe.

Sasa kuhusu huo ubovu.

Furaha alianza kusimama kwa kushika chochote kilicho karibu, na siku moja kilichokuwa karibu kilikuwa waya. Vyote viwili vilishuka chini. Skrini ya mraba ilipasuka kabisa. Laptop haikupasuka, ila uso wake uligeuka mweusi ukabaki mweusi. Taa ndogo ya pembeni inawaka, feni inanguruma, printa inaitika, lakini kuona huoni kitu. Nilimwangalia kwanza mtoto, mzima, hata kulia hakulia. Ndipo nikakaa chini nikalia mimi.

Hamisi akanitafutia skrini nyingine. Hamisi unamjua, yule wa simu karibu na soko, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao tangu mababu waliokuja na biashara kutoka pwani, si cha kuokota njiani kama cha nusu ya watu wa mji huu. Skrini aliyoniletea ni pana, mpya kuliko ile. Nikachomeka, picha ikatoka, nikasema Mungu yupo.

Lakini picha ilikuwa imevutwa pembeni. Herufi zimenenepa, duara zimekuwa mayai, nyuso za watu pana kama sinia. Na wewe unajua, kazi inayolisha nyumba hii ni picha za pasipoti. Mimi nikadhani ni kamera. Basi kila uso niliubana kidogo huku na huku mpaka ukanikalia vizuri kwenye skrini, nikachapa. Wa kwanza alikuwa Mama Riziki, yule Mkongomani anayeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo. Furaha alikuwa analia, mvua inaanza kuingia mlangoni, nikamkatia picha zake haraka nikazitia kwenye bahasha bila kuzitazama sawasawa.

Hakukawia kurudi. Alikuja na mwavuli na ghadhabu.

"Yesu wangu! Mama Shukuru, huyu njo mimi?"

Nikatazama. Mama Riziki unamjua, mlango wa duka anaupita kwa ubavu. Kwenye picha alikuwa na shingo ya twiga na mashavu ya mtu aliyetoka hospitali jana.

"Mwili Mungu alinipa bure, wewe unanipunguzia! Nikipeleka hii watasema nimeiba picha ya marehemu dada yangu!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka, nikampiga picha upya. Lakini wengine walirudi baada yake, na hao hawakucheka. Walichukua chao wakateremka kwenye lile duka jipya la chini. Nikaanza kuwaona wakipita na bahasha za mwenzangu mkononi, wakinisalimia kwa adabu nyingi.

Ndipo nikakumbuka ulivyonionyesha zamani: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, pale ambapo kila skrini imechorwa kama kisanduku, na chini yake kuna vipimo. Nikaona kosa. Skrini pana ilikuwa bado inapewa kipimo cha ile marehemu, 1024 kwa 768. Hii inataka 1920 kwa 1080. Nikachagua, nikathibitisha.

Baba Shukuru, ikanyooka! Mayai yakawa duara, nyuso zikawa za watu. Nikavuta kitenge nimfunge mtoto vizuri nianze kazi, na kabla sijafunga fundo, skrini ikapepesa, kila kitu kikanenepa tena.

Nikarudia. Ikakubali, ikatulia kidogo, ikarudi kwenye unene. Nikarudia kwa vidole vya taratibu kama vya mtu anayeiba. Ikarudi. Ilikuwa kama inangoja kwanza nifurahi.

Nitakwambia nilivyofikiri, na usinicheke, maana wewe ndiye uliyenipa mawazo hayo. Ulijisifu mwenyewe kwamba mtu aliye mbali anaweza kuingia kwenye kompyuta ya mwenzake na kuiongoza, kishale kikawa kinatembea bila mkono. Ulisema siku moja utazihudumia ofisi za watu hivyo, ukiwa umelala kitandani kwako. Basi mimi nikaitazama ile skrini, nikasema kwa sauti:

"Baba Shukuru, toa mkono."

Kulikuwa na mwimbaji mmoja anasubiri bango lake la onyesho. "Nyabo, mama, unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Juba."

Akanitazama, akatazama kompyuta, akachomoa flashi yake mwenyewe akasema atapita kesho.

Nikabandika plasta kwenye lile jicho la kamera juu ya skrini nyeusi. Nikachomoa modemu kabisa, nikaiweka ndani ya sufuria nikafunika. Nikabadilisha kipimo. Ikarudi vilevile. Mtu mwenye akili iliyolala usingizi wa kutosha angesema basi, hakuna mtu humo. Mimi nilisema: kumbe uliipanga kabla hujaondoka. Uliitega. Kitu gani hutaki nikione, sijui, lakini umeweka mlinzi.

Ni katika wiki hiyohiyo Bahati alipopanda na ujumbe wako. Hata kama ina ubovu. Unaona sasa kwa nini ulinichoma?

Jioni ile nilimwita Hamisi. Nilimweleza yote, hata sufuria. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Dada, bwana wako angekuwa na mtandao wa kukuchezea hivi, si angekutumia hata salamu?"

Sikucheka. Akaona, akaacha.

"Haya, fanya kama unavyofanya. Mimi nitaangalia."

Nikachagua kipimo, nikathibitisha, skrini pana ikanyooka. Hamisi hakuitazama. Aliwasha tochi ya simu yake, akainama, akaimulika laptop, ule uso mweusi, kwa kuilaza tochi pembeni.

"Njoo upesi. Weka jicho hapa."

Nikaweka. Kulikuwa na kitu. Hafifu, rangi ya majivu, lakini kipo: kisanduku kidogo katikati, na maandishi ndani yake, na namba zinazohesabu kurudi nyuma. Nilikuwa bado nayasoma zilipokwisha, na nyuma yangu nikajua bila kugeuka kwamba picha imenenepa.

"Taa ya nyuma ndiyo iliyokufa," Hamisi alisema. "Skrini yenyewe ingali inachora. Ila inachora gizani. Inakuuliza, dada: umeridhika na kipimo hiki, nikiweke? Kila ukibadilisha inakuuliza. Usipojibu, inasema huyu hajaona kitu, pengine picha imempotea, basi inakurudishia ya zamani. Ni kwa wema wake."

"Na kwa nini iniulize kule nisikoona? Si mimi niko huku?"

"Kwa sababu mwenye mashine alikwishaiambia kwamba ndogo ndiyo kuu. Maswali yote yanakwenda kwenye kuu. Hii kubwa aliiweka ya kutazamia tu."

Alilisema kama jambo la waya, Baba Shukuru, huku anajifuta jasho. Hakujua amesema nini. Ya kutazamia tu. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti ulichonikalisha.

Akanyoosha mkono abonyeze kitufe cha kukubali. Nikamwambia auondoe, nitabonyeza mwenyewe. Nikabadilisha kipimo, nikamwambia amulike, nikakiona kile kisanduku, nikakijibu. Kikaondoka. Tukasubiri. Picha haikurudi nyuma. Halafu nikaingia tena kwenye vile visanduku vya skrini, nikaiweka kubwa kuwa kuu, na vyote vilivyokuwa vinafungukia gizani nikavihamishia huku kwenye mwanga. Ile ndogo nikaizima kabisa. Hamisi akaniuliza kama nataka anifundishe na mengine. Nikamwambia kwa leo yanatosha, akanywe chai kwake.

Alipoondoka nilitafuta. Sitakuficha, na wasomaji wanisamehe. Nilifungua kila folda, kila chumba cha mashine ile, kutafuta ulichokuwa unakiinamishia kifuniko. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshamwona huyo mwanamke kichwani, nimeshamshona hadi nguo, nimempa jina.

Sikukuta mwanamke. Ningemkuta, ningejua pa kuanzia.

Sikukuta kitu. Hakuna picha yako hata moja. Hakuna kazi zako za zamani, hakuna nyimbo zako za nyumbani, hakuna zile mechi za mpira ulizokuwa unazihifadhi uzirudie. Kumbukumbu za mtandao zimefutwa mpaka siku uliyoondoka. Nilitafuta hata lile neno la chai, maana nilijua ulilihifadhi, nilikuona ukilihifadhi. Halipo. Kilichobaki ni kazi zangu tu, mabango na barua za watu na nyuso za pasipoti, zimepangwa vizuri kwenye folda yenye jina langu.

Ulifagia, Baba Shukuru. Mtu anayekwenda safari ya msimu mmoja hafagii hivyo. Anaacha viatu mlangoni, anaacha shati msumarini, anajua atavikuta.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilimfuata Bahati kule wanakopakia. Nilimkuta anagonga matairi kwa nyundo. Furaha mgongoni, Shukuru nilikuwa nimemwacha shule.

"Nani alimwambia kwamba ina ubovu?"

"Mimi, shemeji." Hakusita hata. "Si niliiona safari ile nyingine, imezima uso? Alinipigia, akaniuliza, vipi ile laptop, bado iko? Nikamwambia iko, lakini imeanguka."

"Alipiga kuuliza laptop."

"Eeh."

"Na watoto?"

Akagonga tairi ambalo alikuwa ameshaligonga. "Alisema anawasalimia sana."

"Bahati."

"Shemeji, mimi ni dereva. Nabeba ninachopewa."

"Basi nipe kingine unachobeba. Anaishije kule?"

Akafurahi kupata swali jepesi. "Aa, anaendelea vizuri! Amepata chumba cha kazi, mbele barabarani. Amechongesha na meza, ya chuma, nzuri sana. Bado mashine tu."

Aliposema hivyo akajua amekosea, akainama chini ya lori kutazama kitu ambacho hakikuwepo. Sikumdai zaidi. Hana kosa.

Kwa hiyo nimeelewa, na kuelewa kwangu nakuandikia hapa ili ukanushe kama unaweza. Wewe huifuati siri yako ndani ya laptop, kwa sababu siri hamna. Unaifuata laptop. Kioo utabadilisha, wewe ni fundi, kwako ni kazi ya asubuhi moja. Seremala akiwa anarudi nyumbani haagizi apelekewe randa na msumeno. Anaagiza watu wamwekee chakula. Wewe umeagiza randa. Akufukuzaye hakwambii toka, walisema wazee, na anayetoroka naye vilevile hakwambii kwaheri, anatuma dereva.

Pengine nimekosea. Nimekwambia mwenyewe nilivyofunika modemu kwenye sufuria, kwa hiyo nayajua makosa yangu na nimeyacheka. Nimechoka, na macho ya mtu aliyechoka huona nyoka kwenye kila kamba. Pengine meza ile ya chuma ni ya tajiri wako. Pengine ulifagia mashine ili mimi nipate nafasi ya kazi zangu, ukanipangia na folda yangu kwa upendo. Nimejaribu kuamini hivyo. Naamini wakati nanyonyesha, kwa muda wa titi moja. Nikihamia la pili imani imeisha.

Jibu nililompa Bahati palepale kando ya lori pengine umeshalisikia, lakini nakuandikia tena lisije likapotea njiani. Laptop haipandi lori. Haipandi Ijumaa hii wala Ijumaa nyingine. Uliniachia ukasema duka lisifungwe, na halijafungwa. Wale walioteremka duka la chini wameanza kupanda tena. Jana Mama Riziki alimleta mdogo wake apigwe picha, akasimama nyuma yangu anatazama skrini, akasema, "Huyu sasa ni mtu." Watoto wako wanakula kutoka kwenye mashine hii, kila siku, pamoja na Jumapili ambazo hukupiga simu. Ukiitaka, njia ya kutoka Juba unaijua wewe kuliko Bahati. Njoo. Utaingia kwa mlango, utakaa, utakula, na tutaongea mbele ya mama yangu na kaka zako, na kama baada ya hapo bado unaitaka, nitakufungia mwenyewe kwenye begi. Mimi si mwizi wa vyombo vya mtu.

Hasira ninayo, ila siyo nyingi kama unavyodhani. Kuna asubuhi studio inapokuwa kimya, jua linaingia mlangoni mpaka kwenye mguu wa meza, na mimi naona nimekaa kwenye kiti kimoja huku kingine kiko tupu, na nakukumbuka vizuri, bila kesi. Nakumbuka uzito wa mkono wako juu ya wangu. Mkono ule haukuwa wa uongo. Hilo hata leo nakutetea.

Kinachonishinda ni Shukuru. Kila akivua viatu vya shule ananiuliza kama umefika mpakani. Mtu fulani alimwambia mpaka ni mbali, kwa hiyo anakuhesabia huko, kila siku uko mpakani, foleni ni ndefu. Na mimi nasema eeh, foleni ni ndefu. Nimesema hivyo mara nyingi mno. Siku ile niliyotoka kwa Bahati, alipouliza, sikuitaja foleni. Nikamwambia akale. Akaniangalia namna unavyoangalia wewe ukishajua bei si ile uliyotajiwa.

Kwa hiyo sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Kama unarudi, mwambie Shukuru siku. Na kama hurudi, mimi usijisumbue kunieleza, nimeshasoma mwenyewe, kwa tochi. Mweleze yeye. Kwa mdomo wako, siyo kwa Bahati wala kwa salamu. Nimekuwa nikikusemea kwa mtoto huyu tangu ulipoondoka, na kazi hiyo nimeiacha.

Namba yangu ni ileile, sijaibadilisha. Anatoka shule saa kumi. Simu nitaiweka mkononi mwake, na mimi nitatoka nje.

Mke wako,
Mama Shukuru na Furaha
Kamwokya, Kampala